Hitilafu za umeme katika kituo cha hali ya hewa cha betri

Hitilafu za umeme katika kituo cha hali ya hewa cha betri ni matatizo yanayokifanya kituo kidogo cha kujitengenezea kizimike, kijiwashe upya mara kwa mara au kitoe vipimo visivyo sahihi kwa sababu hakipati umeme wa kutosha. Vituo vya aina hii hutengenezwa na wanafunzi, walimu na wapenzi wa elektroniki ili kupima halijoto, unyevuanga, kanieneo ya hewa, mvua na upepo mahali ambapo umeme wa gridi haufiki. Katika nchi kama Zambia na Kenya, mradi wa 3D-PAWS wa taasisi ya UCAR ya Marekani umefunga vituo ambavyo sehemu zake nyingi huchapwa kwa printa ya 3D.

Kituo kikizimika, betri ndiyo hulaumiwa kwanza. Hata hivyo, mara nyingi betri ni nzima, na tatizo liko kwenye waya, kidhibiti volti au programu inayokiacha kituo macho muda mrefu kuliko inavyohitajika.

## Sehemu za mfumo wa umeme

Mfumo wa kawaida una paneli ya jua, kifaa cha kudhibiti chaji, betri, kidhibiti volti, mikrokontrola (kompyuta ndogo ya chipu moja) na vihisi. Betri ya lithiamu huwa na volti 4.2 ikijaa na volti 3.7 kwa wastani, na haifai kushushwa chini ya volti 3.0. Betri ya asidi na risasi ya volti 12 huonyesha takriban volti 12.7 ikiwa imejaa na imepumzika. Ikiachwa chini ya volti 12 kwa siku nyingi, huharibika.

Mikrokontrola nyingi zenye Wi-Fi, kama ESP8266 na ESP32, huhitaji volti 3.3. Kazi ya kidhibiti volti ni kushusha volti za betri hadi kiwango hicho na kukishikilia hapo.

## Matumizi ya umeme

Kituo chenye ESP8266 hutumia wastani wa takriban miliampea 80 kikiwa macho na Wi-Fi imewashwa. Kikiwa usingizini, yaani katika hali ambayo chipu huzima karibu kila kitu na kubakiza saa yake tu, chipu hutumia takriban mikroampea 20. Tofauti hiyo ndiyo huamua kama kituo kitadumu siku moja au miezi kadhaa.

Mfano ni kituo chenye betri ya lithiamu ya miliampea-saa 2,500 kisicho na paneli:

- Kikikaa macho muda wote, betri huisha baada ya saa 31 hivi.
- Kikiamka kila baada ya dakika 10 kwa sekunde 6 tu, wastani wake huwa chini kidogo ya miliampea 1, na hutumia takriban miliampea-saa 20 kwa siku. Kwa hesabu, betri hiyo ingedumu miezi 4.
- Kikiamka hivyo hivyo, lakini taa ndogo ya bodi na kidhibiti volti vikaendelea kula miliampea 10 usiku na mchana, betri huisha kwa siku 9 au 10.

Mfano wa tatu huwashangaza wengi, kwa kuwa programu imeandikwa vizuri na chipu inalala kama ilivyotakiwa. Kinachomaliza betri ni vitu vinavyoizunguka chipu.

Ujazo ulioandikwa kwenye betri nao huweza kudanganya. Betri za lithiamu za umbo la 18650 zilizo bora hufika takriban miliampea-saa 3,500. Betri ya umbo hilo inayouzwa kwa maandishi ya 9,900 haina ujazo huo.

## Dalili na vyanzo vyake

Kituo hujiwasha upya kila kinapotuma data. Redio ya Wi-Fi inapoanza kutuma, mkondo huruka kwa muda mfupi sana hadi miliampea 300 au zaidi. Volti zikishuka wakati huo, chipu huzimika na kuanza upya, kisha hujaribu kutuma tena na kuzimika tena. Mzunguko huu huweza kumaliza betri kwa muda mfupi. Chanzo cha kawaida ni waya mwembamba. Waya wa shaba wa milimita za mraba 0.2, kituo kikiwa mita 10 kutoka kwenye betri, una ukinzani wa takriban omu 1.7 kwa kwenda na kurudi. Mkondo wa miliampea 300 ukipita humo, nusu volti hupotea njiani. Viungio vilivyolegea au kuota kutu huleta dalili hiyo hiyo, na betri iliyochakaa pia.

Kituo huzimika ingawa betri bado ina chaji. Vidhibiti volti vya bei nafuu vya aina ya 1117 huhitaji volti za kuingia ziwe juu ya volti za kutoka kwa takriban volti 1. Betri ya volti 3.7 haiwezi kutimiza hilo kwa chipu ya volti 3.3. Vipo vidhibiti vingine vinavyoridhika na tofauti ndogo zaidi, na hivyo ndivyo vinavyofaa kwa betri ya lithiamu.

Betri huisha umeme wa mtaa unapokatika. Kituo hakitumii umeme wa gridi, lakini ruta inayopokea data zake huutumia. Ruta ikizimika, kituo ambacho hakikuwekewa kikomo hubaki macho kikitafuta mtandao hadi betri iishe.

Kituo huzimika alfajiri au baada ya siku kadhaa za mawingu. Hii ni dalili kwamba chaji inayoingia ni ndogo kuliko inayotoka. Paneli huweza kuwa na vumbi au kinyesi cha ndege. Kivuli cha jani moja nacho hupunguza umeme mwingi, kwa sababu seli za paneli zimeungwa mfululizo na ile iliyofunikwa huzuia mkondo wa zote. Usiku, umeme huweza pia kurudi kutoka kwenye betri kwenda kwenye paneli endapo hakuna dayodi ya kuuzuia.

## Namna ya kutafuta hitilafu

Multimita ya kawaida inatosha kwa kazi nyingi. Upimaji hufuata njia ya umeme, kuanzia betri kuelekea kwenye chipu:

1. Volti za betri hupimwa kituo kikiwa kimelala, kisha kikiwa kinatuma data. Zikishuka sana kwenye nguzo za betri zenyewe, betri imechoka.
2. Volti hupimwa tena upande wa pili wa waya, kituo kikiendelea kutuma. Zikiwa nzuri kwenye betri na pungufu hapa, kosa liko kwenye waya au viungio.
3. Volti hupimwa baada ya kidhibiti. Zikipungua hapa tu, kidhibiti hakifai.
4. Mkondo wa usingizini hupimwa kwa kuipitisha multimita katikati ya waya mmoja wa betri.

Kwa kipimo cha nne kuna mambo mawili ya kuzingatia. Multimita iliyowekwa kwenye ampea haigusishwi kamwe kwenye nguzo mbili za betri, kwani hiyo ni shoti: fyuzi hukatika, na betri ya lithiamu huweza kushika moto. Vilevile multimita ikiwa kwenye mikroampea ina ukinzani mkubwa ndani yake, kwa hiyo kituo huweza kushindwa kuwaka kinapoamka. Hapo kituo hakijaharibika. Kifaa cha kupimia ndicho kinachokinyima umeme.

Multimita pia haiwezi kuonyesha mshuko wa volti unaodumu milisekunde chache. Ukishukiwa, kapasita ya mikrofaradi 470 hadi 1,000 huungwa karibu na chipu. Kituo kikitulia baada ya hapo, chanzo kimejulikana.

## Athari kwa vipimo

Kituo kilichozimika kabisa huacha pengo linaloonekana. Hatari zaidi ni kituo kinachoendelea kutuma namba zisizo za kweli.

Kipima mvua cha kopo pindukizi huhesabu kila kopo linapojaa na kupinduka, mara nyingi kwa kila milimita 0.2 za mvua. Chipu ikiwa imezimika wakati wa mvua, kopo hupinduka bila kuhesabiwa. Umeme ukirudi, kituo hutuma 0, na siku ya mvua kubwa huingia kwenye kumbukumbu kama siku kavu. Kwa kuwa betri hudhoofika hasa majira ya mawingu, kosa hili huangukia masika, wakati ambapo takwimu za mvua zinahitajika zaidi.

Vihisi vya analogi navyo hupotoka. Kihisi cha LM35 hutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi 1 ya selsiasi. Arduino Uno kwa kawaida hukisoma kwa kulinganisha na volti zake 5. Zikishuka hadi 4.5 bila programu kujua, joto la nyuzi 30 husomwa kuwa nyuzi 33.3. Vihisi vya dijitali kama BME280 haviathiriwi kwa njia hii, kwa sababu hupima ndani yao na kutuma namba iliyokamilika.

## Kinga

Kinga iliyo muhimu kuliko zote ni kituo kutuma volti za betri pamoja na kila kipimo cha hali ya hewa, pamoja na idadi ya mara kilizojiwasha upya. Namba hizo mbili huonyesha tatizo siku kadhaa kabla halijakizima kituo, na humsaidia msomaji wa takwimu kutofautisha "hakuna mvua" na "hakuna kipimo".

Hatua nyingine ni kuweka kikomo cha sekunde 15 au 20 za kutafuta mtandao, kutumia waya mnene na mfupi, kufunga fyuzi karibu na betri, na kuinamisha paneli kidogo ili mvua iioshe. Betri ya lithiamu huwekwa kivulini, kwa kuwa kuichaji katika joto la juu ya nyuzi 45 huifupishia maisha.