Malaria: Hewa Mbaya ya Waitalia

Mtu wa Ndagoni, kisiwani Mafia, akiamka anatetemeka kwa baridi, kichwa kinamgonga na viungo vinamuuma, husema ana malaria. Ametamka Kiitaliano. (Jina la kisiwa chenyewe silo la Kiitaliano, tuliondoe hilo mapema: Mafia iliitwa hivyo karne nyingi kabla genge la Sicily halijasikika.)

Malaria ni maneno mawili yaliyounganishwa: mala, yaani "mbaya", na aria, "hewa". Irabu ya mwisho ya mala humezwa na ile inayoifuata, ndiyo maana zamani waliandika mal'aria. Baadaye alama ikadondoka, likabaki neno moja. Mwanzoni halikutaja ugonjwa, lilitaja kile kilichodhaniwa kuuleta. Kusini mwa Roma kulikuwa na mabwawa ya Pontine, na watu waliona kwamba wanaolala karibu nayo wakati wa joto huugua homa. Lawama wakaitupia harufu ya matope. Mwingereza Horace Walpole alilitumia neno hilo katika barua yake ya mwaka 1740 kutoka Italia, na Waingereza wakalichukua.

Tusiwacheke Waitalia hao. Pwani yetu mtu akianguka ghafla huambiwa amepatwa na upepo mbaya, na pepo na upepo ni watoto wa shina moja. Tena Waitalia hawakukosea kila kitu: bwawa kweli lilikuwa na hatia, ila kupitia mbu anayezaliana humo. Daktari Mfaransa Laveran aliona vimelea vya malaria katika damu ya mgonjwa huko Algeria mwaka 1880. Daktari Mwingereza Ross akavikuta ndani ya mbu, India, 1897, mwaka uleule ambao mtafiti Mjerumani Koch alifika Afrika Mashariki ya Wajerumani kuchunguza homa hizi. Mwaka 1898 mtafiti Grassi na wenzake, Waitalia hasa, wakathibitisha kuwa mbu wa jamii ya Anopheles ndiye anayemwambukiza binadamu. Hewa ikaachiwa huru, lakini jina likabaki na kesi yake.

Pwani ya Afrika Mashariki ina pia Anopheles merus, anayezaliana hata kwenye maji ya chumvichumvi, kwa hiyo kufukia madimbwi ya mvua peke yake hakutoshi. Lala ndani ya chandarua chenye dawa. Homa ikianza, nenda ukapime kabla ya kumeza dawa yoyote, maana si kila homa ni malaria.