Meli ikitia nanga Karema, abiria apumzike wapi?

MSAFIRI wa majini ana furaha mbili: ya kwanza ni kupanda chombo, na ya pili ni kushuka, hata kama ni kwa saa chache tu, akanyoosha miguu, akala chakula cha moto na kuona watu wasiokuwa wale aliolala nao sitahani. Katika miji mikubwa ya bandari duniani furaha hiyo ya pili imekuwa biashara kamili. Katika Mkoa wa Katavi, ambao mpaka wake wa magharibi ni maji ya Ziwa Tanganyika, kwa miaka mingi furaha hiyo iligeuka kuwa hofu.

Atakayeuliza sababu atazame jinsi abiria wa Karema na Ikola walivyokuwa wakipanda na kushuka katika meli ya MV Liemba. Meli hiyo ilikuwa ikiondoka Kigoma Jumatano jioni, mara moja katika kila wiki mbili, na kufika Mpulungu, Zambia, Ijumaa. Njiani ilisimama katika vijiji vingi ambavyo havikuwa na gati. Honi ililia, mara nyingi usiku, na mitumbwi na maboti yakatoka ufukoni kuizunguka. Mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo na mfanyabiashara mwenye magunia ya dagaa wote walipita mlango mmoja wa ubavuni, huku mawimbi yakiuinua mtumbwi na kuushusha. Hapakuwa na nafasi ya kupumzika. Palikuwa na haraka na kelele, na kila mmoja akamwomba Mungu amfikishe salama.

Liemba si chombo cha kawaida. Iliundwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer huko Papenburg, Ujerumani, kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa kwa makasha hadi Dar es Salaam na kupelekwa Kigoma, ambako iliundwa upya na kushushwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui, baada ya kuzipaka mafuta mazito injini zake. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina lake la sasa, ambalo ni jina la zamani la ziwa lenyewe. Mwaka 2015 ilibeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Mwishoni mwa miaka ya 2010 ilisimama kwa uchakavu, na Novemba 2023 Serikali ikasaini mkataba wa kuikarabati.

Funzo la Yokohama

Ili kuelewa kituo cha mapumziko hujengwaje, si vibaya kutupa jicho mbali kidogo, hadi Yokohama, mji wa Japani wenye watu zaidi ya milioni 3.7. Meli za watalii hufunga kamba katika gati la Osanbashi, ambalo asili yake ni mwaka 1894. Jengo la abiria lililofunguliwa hapo mwaka 2002 lina paa la mbao na majani ambalo ni bustani: mwenyeji wa mji hupanda kupunga upepo, na mgeni hushuka kutoka melini akajikuta miongoni mwa wenyeji. Hatua chache kutoka hapo ipo bustani ya Yamashita, iliyofunguliwa mwaka 1930 juu ya kifusi cha tetemeko la ardhi la mwaka 1923. Pembeni mwa bustani hiyo imefungwa Hikawa Maru, meli ya abiria ya mwaka 1930, ambayo sasa ni makumbusho. Mtaa wa vyakula vya Kichina nao ni mwendo wa miguu.

Ukichunguza, utaona kwamba ukubwa wa mji sio unaomstarehesha msafiri. Kinachomstarehesha ni mambo manne. Kwanza, meli inagusa nchi kavu, hivyo hata kiguru hushuka bila kubebwa. Pili, abiria anajua saa ya kuondoka, na saa hiyo haibadiliki. Tatu, vya kuonwa viko karibu kwa miguu. Nne, vipo vitu vidogo ambavyo mtu huona haya kuviuliza: choo, kivuli, maji safi na mahali pa kukaa. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mji wa mamilioni ya watu.

Karema ina nini?

Jambo la kwanza limeshashughulikiwa. Serikali, kupitia Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari, imejenga bandari ya Karema katika Wilaya ya Tanganyika kwa gharama ya takribani Sh48 bilioni. Lengo kubwa ni shehena ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kuwa Kalemie iko ng'ambo ya pili. Lakini gati linalopokea saruji na mahindi linaweza kupokea pia mguu wa bibi kizee.

Kuhusu vya kuonwa, Karema ina historia ambayo miji mingi ingeionea wivu. Mwaka 1879 Wabelgiji waliotumwa na jumuiya ya Mfalme Leopold II walijenga hapo ngome. Mwaka huohuo tembo wanne wa India walishushwa pwani yetu kujaribu kubeba mizigo hadi Karema, jaribio ambalo halikufua dafu. Mwaka 1885 ngome ilikabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, na Karema ikawa kitovu cha Ukatoliki magharibi mwa Tanganyika. Hapo ndipo alipohudumu Adrian Atiman, mzaliwa wa nchi ambayo leo ni Mali, aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na kusomeshwa utabibu huko Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi uzeeni. Alifariki mwaka 1956. Simulizi kama hilo linamtosha msafiri kwa saa nzima ya matembezi, ilimradi awepo kijana wa kijijini aliyefundishwa kulisimulia.

Ngome hiyo inafundisha pia somo la maji. Ilipojengwa ilikuwa karibu na ufuko, lakini baada ya ziwa kupata njia ya kutokea kupitia mto Lukuga upande wa Kongo, kina kilishuka kwa mita kadhaa na ngome ikabaki mbali na maji. Miaka ya karibuni, hasa tangu 2020, ziwa limepanda tena na kufurika kwenye miji ya mwambao. Kwa hiyo kibanda cha abiria au soko la samaki lisijengwe kwa kutazama ufuko wa leo pekee.

Hesabu ya saa

Hapa ndipo matangazo ya utalii huteleza. Mtu hushawishika kusema abiria wa meli apelekwe Hifadhi ya Taifa ya Katavi, yenye kilometa za mraba 4,471, akaone viboko wa mto Katuma. Tufanye hesabu. Kutoka Karema hadi Mpanda ni zaidi ya kilometa 100. Gari likienda wastani wa kilometa 40 kwa saa, safari ya kwenda tu ni karibu saa tatu, na lango la Sitalike liko mbele zaidi ya Mpanda. Meli inayosimama saa nne haiwezi kumsubiri.

Basi yapo makundi mawili. Yule anayeendelea na safari apewe Karema yenyewe: ngome, migebuka ya kukaanga na ugali kwa mama lishe, kisha arudi melini kabla ya honi. Yule anayetaka hifadhi ashuke na mzigo wake, alale Mpanda, kisha atokee kwa treni inayokwenda Tabora kupitia Kaliua. Kuwachanganya wawili hao ni kumwahidi mgeni kisichowezekana, na mgeni aliyedanganywa harudi.

Liko suala moja zaidi lisilopaswa kufichwa. Gati linapomwokoa abiria, linamnyang'anya riziki mwenye mtumbwi aliyeishi kwa nauli ya kumfikisha melini. Huyo naye ni mwananchi. Vijiji vingi vya mwambao vitaendelea kukosa gati kwa muda, na huko mtumbwi utahitajika. Halmashauri inaweza kuwasajili wenye vyombo, ikasimamia idadi ya abiria na maboya ya kujiokolea, na Karema ikawapa kazi ya kuwatembeza wageni kando ya ufuko.

Wengi wa wasafiri wa ziwa hili hawakuwa watalii kamwe. Walikuwa wachuuzi, wagonjwa, wanafunzi na ndugu waliokwenda misibani. Kituo kizuri kianze na hao. Choo safi, benchi lenye kivuli, taa usiku na ubao unaosema ukweli kuhusu saa ya meli vitampendeza mgeni kutoka Ulaya, lakini vitakuwa vimemheshimu kwanza mama wa Ikola mwenye mtoto mgongoni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Gati la Karema limekwisha jengwa. Litakalomponya mwenyeji ni vile vidogo vinavyozunguka gati, na hivyo havihitaji mabilioni.