Je, Wajua? Geji ya Mafuta Huharibikia Tangini

Pikapu kuukuu ikionyesha nusu tangi huku mafuta yanakwisha, kosa mara nyingi haliko kwenye mshale bali ndani ya tangi. Humo mna boya lililoshikwa na mkono mwembamba wa chuma. Mafuta yakipungua boya hushuka, mkono husugua ukanda wa ukinzani wa umeme, na mshale hufuata. Kwa miaka ukanda hulika, boya hutoboka na kuzama, na waya wa ethi hushika kutu, hasa kwenye hewa ya chumvi ya mtaa kama Ruwais, Jeddah. Kubadilisha geji ya dashibodi kabla ya kusafisha ethi na kupima boya ni kutupa pesa.

Wapo madereva wanaosema kuhesabu kilomita kunatosha. Kunasaidia kweli, ila mzigo, kiyoyozi na upepo wa jangwani hubadilisha ulaji wa mafuta, na Jeddah hadi Riyadh ni karibu kilomita 950. Basi hesabu kilomita, lakini jaza tangi ukiwa umetumia nusu tu, mpaka fundi alifungue.