Mahali pa kusimika hema

Vijana, mkipanga kulala hemani kando ya Ziwa Kivu, chini ya mlima Nyiragongo na misitu yake, msitafute kwanza mahali pazuri pa kutazama maji. Tafuteni mahali pa juu.

Kati ya Goma na Sake kuna vibonde vyenye majani mabichi, visivyopigwa na upepo. Mgeni huona kitanda chema. Wenyeji huviita mazuku, nao hawafungi mbuzi humo. Gesi ya kaboni hutoka ardhini penye volkano; ni nzito kuliko hewa, hutulia bondeni kama maji bakulini. Haina rangi wala harufu, na usiku, upepo ukitulia, huongezeka. Aliyesimama aweza kupona pale ambapo mtoto, au mtu aliyelala, hufa.

Basi, kabla ya kufungua mizigo, waulizeni wazee wa kijiji. Mkiona ndege au panya waliokufa, ondokeni mara. Mwenzenu akianguka bondeni, msikimbilie humo: ainamaye kumwinua huvuta gesi ile ile. Iteni msaada.

Uzuri wa ziwa mtauona asubuhi. Sharti kwanza muamke wote.