Kijiti, Kivuli na Ramani ya Nyota

Mnamo Septemba 2024, msichana wa kidato cha pili katika shule moja hapa Ogembo alinijia na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ramani ya nyota za kuzaliwa kwake, aliyoipata kwa simu baada ya kutuma pesa ambazo hakutaka kunitajia kiasi chake. Palikuwa na duara, buruji kumi na mbili kuanzia Punda hadi Samaki, na chini yake jedwali dogo la tarakimu lenye kichwa “Mwinamo”. Mwezi wake, aliambiwa, ulikuwa “nje ya mipaka”, na kwa hiyo akili yake haingetulia kamwe katika mambo ya hesabu. Wiki hiyo wanafunzi walikuwa wakichagua masomo ya kidato cha tatu. Fizikia alikwisha kuifuta.

Aghalabu sisi walimu huyajibu mambo ya namna hii kwa kicheko, na mwanafunzi huondoka akiamini kwamba mwalimu hana jibu. Nami nusura nicheke. Lakini nilipozikagua zile tarakimu niliona kwamba zilikuwa sahihi! Mnajimu alikuwa amepima vyema, akafasiri ovyo. Kumtenga mpimaji na mfasiri ni kazi inayohitaji subira.

Duara lile la mnajimu huonyesha kipimo kimoja tu: mahali pa kila sayari kwenye njia ambayo Jua huonekana kuipita mbinguni kwa mwaka mzima, nyuzi 360 zilizogawanywa katika buruji za nyuzi 30 kila moja. Lakini mbingu haiwezi kuelezwa kwa kipimo kimoja, kama vile Ogembo haiwezi kuonyeshwa kwa longitudo peke yake. Kipimo cha pili ndicho mwinamo, yaani umbali wa nyota kaskazini au kusini mwa ikweta ya mbingu. Ikweta hiyo ni ile ile yetu ya duniani, ikipanuliwa hadi angani. Mwinamo wa Jua hauzidi nyuzi 23 na dakika 26, upande wowote. Sayari mbili zikiwa na mwinamo sawa upande mmoja, wanajimu husema ziko sambamba, na nguvu zake zimeungana. Zikiwa na mwinamo sawa lakini moja kaskazini na nyingine kusini, husema zinapingana.

Fikra hii ina asili yake. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Alexandria, mji wa Misri, aliandika kwamba kuna buruji zinazotazamana kwa sababu Jua likiwa ndani yake, mchana huwa na urefu ule ule. Kwa mtu wa Alexandria jambo hilo lilikuwa zito. Huko mchana wa Juni hufikia saa 14 hivi, na wa Desemba hushuka hadi kiasi cha saa 10. Mwinamo ndio uliomletea joto, baridi na majira ya mavuno.

Sasa, msomaji, njoo Ogembo. Mji wetu uko takriban dakika 48 tu kusini mwa ikweta, pungufu ya uzi mmoja. Hapa mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka hazitofautiani hata kwa dakika kumi. Kila nyota, iwe na mwinamo gani, huchomoza karibu wima na kukaa juu ya upeo wetu kiasi cha saa kumi na mbili. Ile sababu iliyompa Ptolemy buruji zinazotazamana haipo katika vilima vya Gusii. Iweje basi hukumu iliyotungwa kwa mchana wa Alexandria imnyime binti wa Ogembo somo la Fizikia?

Na huo Mwezi “nje ya mipaka”? Njia ya Mwezi imeinama kama nyuzi 5 kutoka njia ya Jua, na mwinamo huo wenyewe huzunguka kwa muda wa miaka 18.6. Ndiyo maana katika miaka kama 2006 na 2025 Mwezi ulifika nyuzi 28 na zaidi, nao ulikuwa nje ya mpaka wa Jua kwa zaidi ya theluthi moja ya siku zote. Mwaka 2015 haukuupita mpaka huo hata mara moja. Tukimwamini mnajimu, basi theluthi ya watoto wa 2006 hawawezi hesabu, na wa 2015 wote wameokoka. Mwalimu yeyote mwenye daftari la alama anaweza kulipima dai hilo.

Lakini maneno matupu hayamtoshi mwanafunzi. Nilimwambia tutafute mwinamo wa Jua sisi wenyewe. Chombo chake ni kijiti cha mita moja kilichosimikwa wima uwanjani. Mwishoni mwa Juni kivuli chake cha adhuhuri huelekea kusini, urefu wa sentimita 45. Mwishoni mwa Desemba huelekea kaskazini, sentimita 42. Ile tofauti ndogo ya sentimita tatu ndiyo inayotuambia kwamba tuko kusini kidogo mwa ikweta. Tarehe 1 Mei na tarehe 12 Agosti kivuli hulingana, kwa kuwa mwinamo ni mmoja, nyuzi 15 hivi kaskazini. Usambamba wa wanajimu, ukivuliwa makoja yake, ni vivuli viwili vilivyo sawa.

Lazima nionye: adhuhuri ya kweli haifiki saa sita kamili. Saa za Kenya zimefungwa kwenye longitudo ya nyuzi 45 mashariki, ambayo hata haipiti nchini mwetu. Ogembo iko karibu na nyuzi 34 na dakika 43. Kwa dakika nne kila uzi, kama tunavyofundisha katika Jiografia, Jua letu huchelewa dakika 41, na mwezi wa Septemba huwahi tena dakika nane. Mawingu nayo hapa hayaulizi ratiba ya mwalimu.

Siku ya Jumanne, tarehe 24 Septemba, mawingu yalituachia nafasi. Saa sita na dakika 33 kivuli cha kijiti kilikwisha kabisa. Jua lilikuwa juu ya utosi, mwinamo wake sawa na latitudo ya Ogembo. Msichana alikizunguka kijiti mara mbili akikitafuta.

“Mwalimu,” akauliza, “kule Alexandria saa hii kivuli kina urefu gani?”

Nilimpa latitudo ya mji ule, nyuzi 31 na dakika 12, na kitabu cha majedwali ya hisabati. Alijumlisha mwinamo, akatafuta tanjenti, akapata sentimita 62 kabla ya kengele ya chakula. Kisha akaniomba kifutio, kwa kuwa fomu ya masomo alikuwa bado nayo mfukoni.