Christophe Lutundula: ripoti moja, sheria moja, na kura zisizo na majina

Kila mara tunapofanya mkutano na wachimbaji, Banalia, Bafwasende au hapa hapa Kisangani, kuna mzee mmoja atanyosha mkono na kuuliza: hawa wabunge tuliowapigia kura, wao wanapigaga kura gani kule Kinshasa? Swali ni fupi, jibu ni refu. Leo tumeamua kulijibu kwa kumfuata mbunge mmoja tu, na si wa Tshopo. Tumemchagua Christophe Lutundula Apala Pen'Apala, wa Katako-Kombe, jimbo la Sankuru, juu jina lake liliandikwa kwenye karatasi moja ambayo kila mtu wa migodi angepaswa kuijua.

Turudi nyuma kidogo. Wakati wa vita viwili, kile cha 1996-1997 na kile kilichoanza 1998, kila mwenye bunduki alikuwa pia na kalamu. Serikali ya Kinshasa ilisaini mikataba ya madini. Waasi nao, kila kundi kwa fasi yake, walisaini. Sisi watu wa Kisangani hatuhitaji kusimuliwa. Tuliona komptwari za almasi zinafunguka na kufungwa kufuatana na nani anashika mji, na mwezi wa Juni 2000 majeshi mawili ya kigeni, la Rwanda na la Uganda, yalipigana siku sita katikati ya nyumba zetu. Wakongomani walipokutana Sun City kutafuta amani, walikubaliana kwamba ile mikataba yote sherti ichunguzwe: ipi ni halali, ipi ni wizi.

Kazi hiyo ikapewa komisio ya bunge la mpito, na mwenyekiti akawa Lutundula. Tukumbuke kwamba bunge lile halikuchaguliwa na mtu. Viti viligawanywa kwa makundi yaliyosaini amani. Maana yake ni kwamba wengine waliokaa ndani ya ukumbi walikuwa marafiki, au wakubwa, wa watu waliosaini mikataba ile ile iliyokuwa inachunguzwa. Hata hivyo komisio ilifanya kazi yake na ripoti ikafika mikononi mwa ofisi ya bunge mwezi wa Juni 2005. Ilisema mambo makali: mikataba mingi ivunjwe au ijadiliwe upya, wengine waliosaini wapelekwe mbele ya sheria, na serikali isisaini mikataba mipya mpaka uchaguzi upite.

Kisha? Ikalala. Miezi ikapita, wabunge hawakugawiwa. Ni mwanzoni mwa 2006 tu ndipo ilianza kutembea mikononi mwa watu, na bunge lile la mpito likafunga milango bila kuijadili katika kikao cha wote. Hapo ndipo mchimbaji anapaswa kufungua macho. Ripoti ambayo haijajadiliwa haina kura, na kama hakuna kura hakuna mbunge anayeweza kuulizwa "wewe ulisema ndiyo au ulisema hapana?" Kwa wakubwa wengi hiyo ni njia nzuri kuliko kuikataa, kwa sababu anayeikataa ripoti anaonekana, lakini anayeiacha ilale haonekani.

Na wakati ripoti imelala, kalamu hazikulala. Mfano ni Tenke-Fungurume, kule Katanga. Mkataba wa kwanza ulisainiwa Novemba 1996, vita vikiwa vimeanza. Gécamines, yaani sisi wote, ilikuwa na sehemu ya 45%. Mwezi wa Septemba 2005, miezi mitatu baada ya ripoti kuwekwa mezani, mkataba uliandikwa upya na sehemu ya Gécamines ikashuka mpaka 17.5%. Baada ya uchaguzi serikali iliunda komisio yake yenyewe, 2007, ikapitia mikataba 61. Mwisho wa safari hiyo, mwaka 2010, Gécamines ilifika 20%. Mtu atoe hesabu mwenyewe: kutoka 45 hadi 20, na watu walipiga makofi juu ilikuwa imepanda!

Lutundula mwenyewe alifanya nini baada ya hapo? Tuseme kweli pande zote mbili. Alichaguliwa 2006, akawa makamu wa spika katika bunge lile jipya, upande wa walio wengi, upande wa Rais Kabila. Mtu mwenye jina juu ya ripoti alikuwa sasa amekaa kwenye meza inayopanga kazi za bunge, na bado mambo ya mikataba yalibaki mikononi mwa serikali. Wapo wanaosema alifungwa mikono na kambi yake. Inawezekana. Lakini sisi wa chama cha wafanyakazi tunajua kiti kikubwa kina namna yake ya kumfanya mtu asahau karatasi aliyoibeba.

Kwa upande mwingine, huyu si mtu wa kunyamaza siku zote. Septemba 2015, vyama saba vya ndani ya kambi ya Kabila viliandika barua ya kumpinga asibaki madarakani kupita muhula wake. Chama cha Lutundula, ADP, kilikuwa kimoja cha hivyo saba, vile tuliviita G7. Vyote vikafukuzwa kambini. Kupoteza kambi ya wenye nguvu, wakati huo, haikuwa mchezo. Baadaye akawa pamoja na Moïse Katumbi, akarudi bungeni, na akaleta pendekezo la kubadilisha sheria ya CENI, ile tume ya uchaguzi. Watu wengi mpaka leo wanaiita "sheria ya Lutundula". Rais Tshisekedi aliitia saini tarehe 3 Julai 2021. Tofauti na ripoti ya 2005, karatasi hii ilifika mwisho wa barabara. Wakati huo mwenyewe alikuwa ameisha kuwa waziri wa mambo ya inje, tangu Aprili 2021. Na Desemba 2022, Katumbi alipotoka upande wa serikali, wengine wa chama chake walijiuzulu, kama Chérubin Okende aliyekuwa waziri wa usafirishaji. Lutundula alibaki kwenye kiti na kukiacha chama.

Hapa hadithi inarudi Kisangani. Tarehe 9 Februari 2022, Lutundula akiwa waziri wa mambo ya inje, mahakama ya kimataifa ya La Haye iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa mabaya ya vita. Katika hizo, milioni 225 ni juu ya watu, milioni 40 juu ya vitu vilivyoharibiwa, na milioni 60 juu ya mali ya asili: dhahabu, almasi na nyingine. Milioni 60! Kile komisio ilichokuwa inatafuta ndani ya makaratasi ya mikataba, majaji walikiwekea bei. Uganda ilipewa miaka mitano, milioni 65 kila mwaka, na ikaanza kulipa Septemba 2022. Mfuko wa kugawa pesa hizo, FRIVAO, unafanya kazi hapa mjini kwetu.

Tunajua wote yaliyofuata. Zaidi ya dola milioni 19 za mfuko huo zilitolewa zijenge gereza Kisangani, na waziri wa sheria Constant Mutamba akashitakiwa. Kabla ya kumfikisha mahakamani, bunge la taifa lilipaswa kutoa ruhusa. Juni 2025 wabunge 322 walisema ndiyo, na tarehe 2 Septemba Mahakama ya Kasasioni ikamhukumu miaka mitatu ya kazi ngumu. Hii ilikuwa kura juu ya pesa za wahanga wa Kisangani. Kilichotufikia huku ni ile hesabu, 322. Majina hayakushuka na mto. Mama aliyepoteza mtoto mwaka 2000 hana namna ya kusema: mbunge wangu wa Tshopo alikuwa ndani ya hizo, au hakuwa.

Ndiyo maana tunasema ya Lutundula ni rahisi kuyasoma kuliko ya wengine. Ameacha makaratasi yenye jina lake: ripoti, barua ya G7, sheria ya CENI. Unaweza kumpenda au kumkasirikia, lakini una kitu cha kushika. Wabunge wengine hawaachi karatasi, wanaacha picha na tisheti za kampeni.

Na mambo yanayotugusa yanapitia kura hizo hizo. Kode ya madini ya 2002 iliandika kwamba zone ya wachimbaji wadogo ikifungwa kwa ajili ya kampuni, waliomo wana siku 60 za kuondoka. Siku 60 za kuvunja nyumba, kutoa watoto shule, kutafuta shimo lingine. Mtu fulani alinyosha mkono kupitisha maneno hayo. Kode ilipogeuzwa, 9 Machi 2018, ilitulazimisha kuingia koperative ndipo tuchimbe. Huo nao ulikuwa mkono ulionyoshwa. Wa nani?

Katiba, kifungu cha 101, inasema mbunge ni wa taifa zima na hatuwezi kumfunga kwa maagizo. Sawa. Lakini haikatazi kumuuliza. Kikao cha Septemba, kile cha bajeti, kinafungwa tarehe 15 Desemba. Kile cha Machi, tarehe 15 Juni. Baadaye wabunge wanashuka nyumbani. Safari hii, kamati zetu za machimbo zimekubaliana kila mbunge wa Tshopo atakayekuja apewe karatasi yenye maulizo matatu: juu ya Mutamba ulipiga kura gani, pendekezo gani la sheria umelisaini tangu uchaguliwe, na ni waziri gani umemuuliza kwa mdomo au kwa maandishi juu ya zone za wachimbaji wadogo. Jibu liwe la kuandikwa, na saini chini. Litakalorudi tutalisoma kwa sauti machimboni, na lisilorudi tutalitaja pia, pamoja na jina.