Idara ya michezo ya video ndani ya kampuni: faida hutoka wapi, hasara huingilia wapi?

KAMPUNI inapotangaza kuwa imeanzisha idara yake yenyewe ya kubuni bidhaa mpya, mwenye hisa mdogo hubaki na swali moja: fedha zinazotengwa kwa ajili ya idara hiyo zitarudi na faida, au ndiyo basi tena? Gawio huenda likapungua mwaka huo, na matunda, kama yapo, yatachelewa.

Swali hilo si la wenye hisa peke yao. Chukua mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Boko. Saruji anaipata jirani tu, Wazo Hill, kwenye kiwanda ambacho hisa zake ziliorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2006. Siku moja anaamua kufyatua matofali mwenyewe nyuma ya duka badala ya kuuza saruji peke yake. Hapo tayari amefungua idara ya uzalishaji ndani ya nyumba. Akifanikiwa, faida iliyokuwa ikienda kwa mfyatuaji inabaki kwake. Akishindwa, duka lililokuwa likijiendesha vizuri ndilo litakalobeba deni.

Mfano mmoja kutoka biashara ya michezo ya video unaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Ni ule wa Idara ya Kwanza ya Utafiti na Uendelezaji ya kampuni ya Nintendo ya Kyoto, Japani, maarufu kwa jina la R&D1. Idara hii ilitoa bidhaa zilizouzwa kwa mamilioni, ikapata pigo kubwa, na hatimaye ikavunjwa. Historia yake ina mengi ya kumfunza mwenye mtaji, hata kama hajawahi kushika mchezo wa video.

KARATA, TEKSI NA MADENI

Nintendo ilianzishwa mwaka 1889 kwa ajili ya kutengeneza karata. Mwaka 1949 uongozi ulishikwa na Hiroshi Yamauchi, kijana wa ukoo wa mwanzilishi, na mwaka 1962 kampuni ikaanza kuuza hisa kwa umma. Yamauchi aliona kuwa karata zina kikomo, akajaribu biashara nyingine, zikiwemo teksi na wali wa kupika chapuchapu. Hazikudumu.

Mwaka 1965 kampuni ilimwajiri Gunpei Yokoi, fundi aliyesomea mambo ya elektroniki, kazi yake ikiwa kutunza mitambo ya kutengenezea karata. Katika muda wake wa ziada aliunda mkono wa kuchezea unaorefuka na kukunjika. Yamauchi alipouona hakumfukuza kwa kuchezea muda wa kazi, bali alimwagiza aufanye kuwa bidhaa. Ulitoka mwaka 1966 kwa jina la Ultra Hand, ukauzwa zaidi ya milioni moja.

Mwekezaji aangalie jambo hilo kwa makini. Mzizi wa idara hiyo haukuwa mkopo wala jengo jipya. Ulikuwa mtu mmoja ambaye tayari alikuwa kwenye orodha ya mishahara.

Hata hivyo, mambo hayakuwa mteremko. Mwaka 1973 kampuni iliingiza fedha nyingi katika mchezo wa kulenga shabaha kwa bunduki ya mwanga, uliofungwa katika kumbi za michezo zilizokosa wateja. Mwaka huohuo bei ya mafuta ikapanda duniani kote, waliotoa oda wakazifuta, na kampuni ikabaki na deni zito. Baadaye shughuli za utafiti ziligawanywa katika idara kadhaa. Yokoi akapewa ya kwanza, Masayuki Uemura ya pili na Genyo Takeda ya tatu.

KUTUMIA KILICHOKWISHA SHUKA BEI

Kanuni ya Yokoi ilikuwa ni kutumia teknolojia iliyokwisha zoeleka, kwa namna ambayo hakuna aliyeifikiria. Teknolojia mpya ni ghali, huharibika mara kwa mara, na mafundi wake ni wachache. Ile ya zamani imeshuka bei, kasoro zake zinajulikana, na viwanda vya kuitengeneza vimejaa tele.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni za Sharp na Casio zilikuwa katika vita vya bei ya kalkuleta. Vioo vidogo vinavyoonyesha tarakimu vikawa rahisi sana. Yokoi, baada ya kumwona abiria kwenye treni akijipotezea muda kwa kubonyeza kalkuleta yake, alivitumia vioo hivyohivyo kutengeneza mchezo wa mfukoni wenye saa ndani yake. Game & Watch ya kwanza ilitoka Aprili 1980 kwa bei ya yeni 5,800. Hadi mfululizo huo unafikia mwisho mwaka 1991, zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 43.

Kalkuleta ndizo zilizokuwa zimelipa gharama za kuvikomaza vioo hivyo. Nintendo ilivikuta tayari vimekuwa rahisi, ikachuma.

MZIGO ULIODODA

Mfanyabiashara yeyote wa Kariakoo anajua uchungu wa mzigo uliododa. Nintendo nayo ilipata wake. Tawi lake la Marekani liliagiza mashine 3,000 za mchezo wa Radar Scope, na kiasi cha 2,000 zikabaki ghalani bila mnunuzi. Badala ya kuziuza kwa bei ya kutupa, Yamauchi aliagiza ubuniwe mchezo mwingine wa kuingizwa katika masanduku yaleyale. Kazi alipewa kijana msanifu, Shigeru Miyamoto, chini ya usimamizi wa Yokoi. Matokeo yake ni Donkey Kong ya mwaka 1981, mchezo ulioliokoa tawi la Marekani na ambamo yule fundi aliyekuja kuitwa Mario alionekana kwa mara ya kwanza.

Faida ya kuwa na idara ya ndani inaonekana hapo. Kampuni inayonunua kila kitu nje ingelazimika kubaki na hasara, au kumlipa mtu mwingine aitatue.

GAME BOY NA WAPINZANI WAKE

Aprili 1989 idara hiyo ilitoa Game Boy nchini Japani kwa yeni 12,500. Marekani iliuzwa kwa dola 89.99 ikiwa pamoja na mchezo wa Tetris, uliobuniwa na Mrusi Alexey Pajitnov. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Wapinzani walicheka. Mashine ya Lynx ya Atari, iliyotoka mwaka huohuo, ilikuwa na rangi, na Game Gear ya Sega ikafuata mwaka 1990, nayo ya rangi.

Lakini Lynx iliuzwa karibu dola 180, na mashine zote mbili zilikula betri sita kwa saa chache tu. Game Boy ilitumia betri nne na kukaa zaidi ya saa kumi. Mzazi mnunuzi alipiga hesabu ya betri. Game Gear iliuzwa kiasi cha milioni 10 na ushei, wakati Game Boy, pamoja na toleo la rangi lililofuata, ilipita milioni 118.

PIGO LA MWAKA 1995

Julai 1995 idara hiyohiyo ilitoa Virtual Boy, mashine ya kutazamia kama darubini iliyoonyesha picha nyekundu zenye kina. Safari hii kanuni ya zamani ilikiukwa. Teknolojia ya kuonyeshea picha ilitoka kampuni ya Marekani ya Reflection Technology, na haikuwa imezoeleka sokoni. Wateja walilalamika kuumwa macho na kichwa. Ziliuzwa chini ya 800,000, na ndani ya mwaka mmoja ikaondolewa sokoni.

Yokoi aliondoka Agosti 1996 kuanzisha kampuni yake, na Oktoba 1997 alifariki katika ajali ya barabarani. Idara iliendelea bila yeye, kisha mwaka 2004, chini ya rais mpya Satoru Iwata, ikavunjwa na wafanyakazi wake kugawanywa katika idara nyingine. Kampuni haikufa. Ujuzi ulibaki ndani ya nyumba.

Linganisha na Google. Machi 2019 kampuni hiyo tajiri ilitangaza idara yake ya kutengeneza michezo kwa ajili ya huduma ya Stadia. Februari 2021 ikaifunga, ikieleza kuwa gharama za kutengeneza michezo mikubwa zinapanda mno. Huduma yenyewe ilizimwa Januari 2023. Fedha hazikukosekana Google. Kilichokosekana ni uvumilivu na kazi ya miaka mingi.

MASWALI MATATU KWA MWENYE MTAJI

Kabla ya kununua hisa za kampuni inayosifia idara yake mpya, au kabla ya kufungua ya kwako pale Boko, Bunju au Mbagala, uliza mambo matatu.

Kwanza, idara inatumia nini ambacho nyumba tayari inacho? Kama mashine ni mpya, fundi ni mgeni na soko halijulikani, hiyo si idara bali ni kampuni nyingine inayolishwa na ya kwanza.

Pili, hasara yake ina mpaka? Nintendo iliyumba mwaka 1973 kwa kuweka fedha nyingi mahali pamoja. Virtual Boy ilipoanguka, mauzo ya Game Boy yalikuwepo kuibeba.

Tatu, hesabu zake zinaonekana peke yake? Katika taarifa ya mwaka tafuta maelezo ya mapato na matumizi kwa kila kitengo. Yakichanganywa yote katika mstari mmoja, faida ya duka itaficha hasara ya matofali mpaka siku mtaji utakapokwisha. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka anayeanza kufyatua matofali na aanze kwa kununua daftari la pili.